Ufunguo wa Mlinzi wa Usiku: Utunzaji wa Nywila za Hifadhidata katika Unakili Unaojiendesha

Utangulizi

Akiba haiozi, walinena wahenga. Methali hii iliwahimiza wakulima kuweka nafaka ghalani kwa ajili ya siku za kiangazi, na leo inawahusu vilevile wale wanaohifadhi maarifa katika tarakilishi. Vyuo, maktaba, hospitali na vyama vya ushirika huweka kumbukumbu zao katika hifadhidata, yaani mkusanyiko wa taarifa uliopangwa kwa utaratibu ili uweze kutafutwa, kusahihishwa na kuongezwa. Lakini diski huharibika, umeme hukatika, na mtu hufuta kwa bahati mbaya kile alichokusudia kukihifadhi. Ndiyo maana kila hifadhidata yenye thamani hutengenezewa nakala rudufu. Na kwa kuwa binadamu ni msahaulifu, kazi hiyo huachiwa programu inayojiendesha, aghalabu usiku wa manane watu wanapokuwa wamelala.

Hata hivyo, ghala lenye thamani halikosi mlango na kufuli. Hifadhidata humtaka kila anayeingia ajitambulishe kwa jina na nywila. Mtu aliyeketi mbele ya tarakilishi huitoa nywila hiyo kichwani mwake. Je, programu inayoamka saa nane za usiku, isiyo na kichwa wala kumbukumbu ya kibinadamu, itaitoa wapi? Sharti iwe imeandikwa mahali fulani. Na siri iliyoandikwa mahali fulani yaweza kusomwa na asiyekusudiwa. Makala haya yanadhamiria kulichambua tatizo hilo, kuonyesha mahali ambapo nywila huvuja, na kueleza njia zinazotumika kupunguza hatari yake.

Ili mjadala usielee hewani, na uchukuliwe mfano wa idara ya Kiswahili ambayo wanafunzi wake wamekusanya nyimbo, vitendawili na masimulizi ya wazee, wakayaweka katika hifadhidata pamoja na majina ya wasimulizi, vijiji vyao na nambari zao za simu. Msimulizi mmoja huenda alieleza mgogoro wa shamba la ukoo kwa sharti kwamba jina lake lisijulikane. Idara hiyo inakabiliwa na hasara mbili. Hifadhidata ikipotea bila nakala, sauti za wazee waliokwisha kufariki hazitasikika tena. Nakala ikiangukia mikononi mwa mtu mbaya, ahadi aliyopewa msimulizi imevunjwa. Utunzaji wa nywila ya unakili umesimama katikati ya hasara hizo mbili.

Kiini cha Tatizo

Nywila za tarakilishi zilianza kutumika mapema katika miaka ya 1960 katika mfumo wa CTSS wa chuo cha MIT, Marekani, ulioongozwa na Fernando Corbató. Katika mfumo huo nywila za watumiaji wote ziliwekwa wazi katika faili moja. Katika muongo huohuo, faili hiyo ilichanganyika na faili ya ujumbe wa siku, na kila aliyeingia katika mfumo akaonyeshwa nywila za wenzake wote. Mnamo mwaka wa 1979 Robert Morris na Ken Thompson walichapisha makala iliyoeleza jinsi mfumo wa Unix ulivyoepuka balaa kama hiyo: nywila yenyewe haihifadhiwi, bali huhifadhiwa tokeo lake baada ya kupitishwa katika hesabu isiyorudi nyuma.

Hesabu hiyo ni mithili ya kinu. Mahindi yakisagwa huwa unga, lakini unga haurudi kuwa mahindi. Mtumiaji anapoingia, nywila aliyoiandika husagwa upya, na unga wake hulinganishwa na ule uliohifadhiwa. Ukilingana, mlango hufunguliwa. Mwizi akiiba unga, bado hajapata mahindi.

Mbinu hii imeleta manufaa makubwa, lakini haiisaidii programu ya unakili. Sababu yake ni nyepesi, ingawa mara nyingi husahauliwa. Kinu kiko upande wa mlango, si upande wa mgeni. Hifadhidata ndiyo inayoweza kutosheka na unga kwa kuwa kazi yake ni kulinganisha. Programu ya unakili ni mgeni anayebisha hodi. Inapaswa kuwasilisha mahindi yenyewe. Kwa hiyo haina budi kuwa na nywila katika hali inayoweza kusomwa.

Kutokana na hoja hiyo huzuka kanuni ambayo ndiyo msingi wa makala haya: chochote ambacho mashine inaweza kukisoma bila msaada wa binadamu, mtu aliyeiteka mashine hiyo anaweza kukisoma pia. Hakuna maficho yanayoifuta kanuni hii. Linalowezekana ni kupunguza idadi ya wanaoweza kusoma, kupunguza mambo yanayoweza kutendwa na nywila iliyosomwa, na kupunguza madhara yatokanayo na wizi.

Mianya ya Uvujaji

Mwanya wa kwanza ni mstari wa amri. Programu ya mysqldump, ambayo hutumika kunakili hifadhidata za MySQL, huweza kupewa nywila moja kwa moja ndani ya amri inayoiita. Njia hii ni rahisi, na hiyo ndiyo hatari yake. Katika mifumo mingi ya Linux, mtumiaji yeyote wa tarakilishi anaweza kuitazama orodha ya programu zinazoendeshwa pamoja na maneno yaliyotumiwa kuziita. Ni kweli kwamba programu za MySQL hujitahidi kuifuta nywila katika orodha hiyo pindi zinapoanza, lakini unabaki muda mfupi ambao nywila huwa wazi. Fauka ya hayo, amri iliyoandikwa kwa mkono huhifadhiwa katika faili ya kumbukumbu ya amri, na huweza kukaa humo kwa miaka.

Mwanya wa pili ni skripti yenyewe, yaani faili yenye amri zinazotekelezwa kila usiku. Skripti hupendwa kunakiliwa. Msimamizi mmoja humpa mwenzake aione, mwingine huituma kwa baruapepe, wa tatu huiweka katika ghala la msimbo linalotumiwa na watu wengi. Mfumo wa Git huhifadhi historia ya kila badiliko. Kwa hivyo nywila iliyofutwa leo husomeka bado katika toleo la jana. Nywila iliyokwisha kuingia katika historia hiyo ihesabiwe kuwa imevuja, na dawa yake si kuifuta bali kuibadilisha.

Mwanya wa tatu ni vigeu vya mazingira, ambavyo ni taarifa zinazokabidhiwa programu inapoanza. MySQL hukitambua kigeu cha MYSQL_PWD na PostgreSQL hukitambua PGPASSWORD. Wengi huvikimbilia wakidhani vimefichika. Hata hivyo, katika baadhi ya mifumo vigeu hivi huweza kuonwa na watumiaji wengine, na programu moja ikizaa nyingine huirithisha vigeu vyake vyote, hata kama ile ya pili haina haja navyo. Miongozo ya MySQL na PostgreSQL haipendekezi njia hii.

Faili ya Siri na Ruhusa Zake

Njia ambayo imezoeleka zaidi ni kuitoa nywila katika skripti na kuiweka katika faili yake ya pekee. Katika MySQL faili hiyo huitwa .my.cnf, nayo huwekwa katika saraka ya mtumiaji anayeendesha unakili. Katika PostgreSQL huitwa .pgpass, na kila mstari wake huwa na sehemu tano zilizotenganishwa kwa nukta mbili: jina la seva, nambari ya lango, jina la hifadhidata, jina la mtumiaji, na nywila. Programu ya unakili huisoma faili hiyo yenyewe, na skripti hubaki safi. Hata ikichapishwa gazetini, haitafichua lolote.

Usalama wa faili hiyo hutegemea ruhusa zake. Katika mifumo ya jamii ya Unix, kila faili ina mmiliki, kikundi na watu wengine waliosalia, na kila mmoja wa hao huweza kupewa au kunyimwa ruhusa ya kusoma, kuandika na kutekeleza. Faili ya nywila hupewa ruhusa ya 600, yaani mmiliki peke yake ndiye anayeweza kuisoma na kuiandika. PostgreSQL ni kali katika jambo hili: ikiikuta .pgpass inasomeka na kikundi au na watu wengine, huipuuza kabisa. MySQL hukataa faili ya usanidi ambayo kila mtu anaweza kuiandika, lakini haikatai ile ambayo kila mtu anaweza kuisoma. Mzigo wa kuhakikisha kwamba faili haisomeki ovyo basi humwangukia msimamizi mwenyewe.

Ifahamike pia kwamba faili ya siri huweza kunakiliwa na programu nyingine. Ikiwa saraka nzima ya mtumiaji hunakiliwa kila wiki na kupelekwa katika seva nyingine, nywila nayo husafirishwa pamoja na mizigo mingine. Kwa hiyo yafaa kuitenga faili hiyo na unakili wa jumla, na kuhakikisha kwamba mtumiaji anayeimiliki ni wa kazi hiyo tu, asiyetumiwa na tovuti wala na mtu yeyote kwa shughuli za kila siku. Tovuti ikidukuliwa, mdukuzi hupata mamlaka ya mtumiaji anayeiendesha tovuti. Asipokuwa mmiliki wa faili ya nywila, mlango huo humfungia.

Kuficha si Kusimba

Wapo wanaouliza: kwa nini nywila isisimbwe, ili anayeifungua faili akute herufi zisizoeleweka? Swali hili ni la haki na linastahili jibu. Tangu toleo la 5.6, MySQL imekuwa na zana ya kutengeneza faili iitwayo .mylogin.cnf, ambamo nywila haisomeki kwa macho. Faida yake ni kwamba mtu anayepita nyuma ya msimamizi hawezi kuiona kwenye skrini. Lakini ufunguo wa kuifumbua umo ndani ya faili hiyohiyo. Aliyeipata faili amepata vyote viwili.

Na ufunguo ukiwekwa kwingine? Hapo programu itahitaji kujua ulipo na kuweza kuusoma, na tatizo litakuwa limehama chumba bila kuihama nyumba. Ufunguo wa pili ukifungiwa kwa ufunguo wa tatu, nao wa tatu utahitaji pa kukaa. Mfululizo huo hauna mwisho, isipokuwa mahali ambapo binadamu ataandika kitu kwa mkono, au mahali ambapo utambulisho utathibitishwa kwa njia nyingine isiyokuwa siri iliyoandikwa. Mashirika makubwa hutumia maghala maalumu ya siri, kama vile Vault, ambayo huweza kutoa nywila ya muda mfupi inayokufa baada ya kazi kukamilika na kuweka kumbukumbu ya kila aliyeiomba. Ghala kama hilo lina manufaa mengi, lakini nalo humtaka mwombaji ajitambulishe kwanza.

Mnamo mwaka wa 1883 Auguste Kerckhoffs, mwanaisimu aliyekuwa akifundisha lugha nchini Ufaransa, aliandika kwamba mfumo wa maandishi ya siri usitegemee kufichwa kwa jinsi unavyofanya kazi. Utegemee ufunguo tu, na uweze kuangukia mikononi mwa adui bila madhara. Funzo hilo linahusu unakili pia. Nywila iliyopachikwa katika saraka yenye jina la ajabu au iliyogeuzwa nyuma mbele, kwa tamaa kwamba hakuna atakayefikiri kutazama hapo, haijalindwa, imesahauliwa tu.

Kuingia bila Nywila

Njia mojawapo ya kuutatua mfululizo huo ni kuiondoa nywila kabisa. Ikiwa programu ya unakili na hifadhidata zimo katika seva moja, mfumo wa uendeshaji tayari unajua ni mtumiaji gani anayeendesha programu hiyo. Hifadhidata yaweza kuuliza mfumo: huyu anayebisha ni nani? Mfumo hujibu, na jibu hilo halighushiki na mtumiaji wa kawaida. Katika PostgreSQL njia hii huitwa peer, katika MySQL hutekelezwa na kiungo cha auth_socket, na katika MariaDB huitwa unix_socket. Kuanzia toleo la 10.4 la mwaka wa 2019, MariaDB imemruhusu msimamizi mkuu kuingia kwa njia hii bila kuwekewa nywila.

Hapa hakuna siri iliyoandikwa, hakuna faili ya kuibwa, na hakuna cha kutumwa kwa baruapepe kimakosa. Ni sawa na mlinzi anayejulikana kwa sura na wenye nyumba, asiyehitaji kubeba ufunguo mfukoni. Upungufu wake ni kwamba hufaa pale tu ambapo mgeni na mwenyeji wanakaa chini ya paa moja. Seva ya unakili ikiwa mbali, utambulisho huhitaji vyeti vya kidijitali au nywila, na tahadhari zilizotajwa awali hurudi mahali pake.

Mlinzi Asipewe Funguo za Nyumba Nzima

Kosa linalotendwa mara nyingi ni kuitumia nywila ya msimamizi mkuu katika unakili, kwa sababu nywila hiyo haikataliwi popote. Mwenye nyumba anayemwajiri mlinzi wa usiku humpa ufunguo wa lango. Hampi hati ya shamba. Vivyo hivyo, unakili unapaswa kuwa na mtumiaji wake katika hifadhidata, mwenye madaraka yanayotosha kazi yake na si zaidi.

Katika MySQL, mysqldump huhitaji ruhusa ya SELECT ili kusoma majedwali, SHOW VIEW kwa mionekano, TRIGGER kwa vichochezi, na LOCK TABLES pale ambapo unakili haufanywi ndani ya muamala mmoja. Matoleo mapya huhitaji pia ruhusa ya PROCESS, isipokuwa yakiagizwa yasinakili taarifa za nafasi za majedwali. Katika PostgreSQL, toleo la 14 la mwaka wa 2021 lilileta jukumu liitwalo pg_read_all_data, linalomruhusu mtumiaji kusoma data yote bila kubadilisha chochote. Aidha, mtumiaji huyo huweza kufungiwa mahali: akaruhusiwa kuingia kutoka seva moja tu inayojulikana, ili nywila yake isifae kitu nje ya hapo.

Nywila yenyewe haina haja ya kukumbukika, kwa kuwa hakuna binadamu atakayeiandika. Izalishwe na mashine, iwe ndefu ya herufi 30 au zaidi, na isitumike mahali pengine popote.

Pamoja na hayo, madaraka ya kusoma tu yasichukuliwe kuwa kinga kamili. Mwizi mwenye nywila ya unakili hataweza kufuta masimulizi ya wazee, lakini ataweza kuyasoma yote pamoja na majina na nambari za simu. Kwa msimulizi aliyeomba asijulikane, kusomwa ndiko hasara yenyewe.

Nakala Nayo ni Hazina

Jitihada zote za kuilinda nywila huwa bure ikiwa nakala iliyotengenezwa imeachwa wazi. Anayeipata nakala hahitaji tena kuingia katika hifadhidata, ameibeba mkononi. Mwaka wa 2016 wadukuzi waliingia katika ghala la msimbo la faragha lililotumiwa na wahandisi wa kampuni ya Uber, wakakuta humo ufunguo wa hifadhi ya mtandaoni ambamo kampuni ilikuwa ikiweka, miongoni mwa mambo mengine, nakala rudufu za hifadhidata zake. Taarifa za watu wapatao milioni 57 zilichukuliwa, na umma haukuarifiwa hadi Novemba 2017. Mianya miwili iliyokwisha kuelezwa ilikutana hapo: siri iliyoandikwa ndani ya msimbo, na data iliyohifadhiwa bila kusimbwa.

Dawa ya tatizo hili ni usimbaji fiche wa funguo mbili, ambao hutekelezwa na programu kama GnuPG. Ufunguo wa kwanza ni wa kufungia, nao huweza kutangazwa bila hofu. Ufunguo wa pili ni wa kufungulia, nao hutunzwa na watu wachache nje ya seva. Mfano wake ni kufuli linalobanwa kwa mkono: yeyote aweza kulifunga, lakini kulifungua kunahitaji ufunguo. Seva huachiwa ufunguo wa kufungia tu. Kila usiku hutengeneza nakala, huifunga, na baada ya hapo haiwezi kuifungua hata yenyewe. Aliyeiteka seva leo hawezi kuzisoma nakala za mwaka jana. Hapa ndipo kanuni iliyotajwa mwanzoni hugeuka kuwa msaada: kwa kuwa mashine haiwezi kusoma, mtekaji naye hawezi. Hata hivyo, ufunguo wa kufungulia ukipotea, nakala zote hugeuka takataka. Kwa sababu hiyo utunzwe na watu wasiopungua wawili, katika mahali pawili tofauti.

Jambo jingine ni uwezo wa kufuta. Mnamo Juni 2014 mdukuzi aliingia katika akaunti ya usimamizi ya kampuni ya Code Spaces, akadai fedha, kisha akafuta sehemu kubwa ya data pamoja na nakala rudufu zake. Kampuni hiyo ilifunga shughuli zake. Data na nakala zilikuwa chini ya mamlaka moja, na aliyeyashika mamlaka hayo alishika vyote. Programu ya unakili basi ipewe ruhusa ya kuongeza nakala mpya bila ruhusa ya kufuta zilizotangulia, na angalau nakala moja iwekwe mahali ambapo nywila ya seva haifiki.

Mabadiliko ya Nywila na Kimya cha Hitilafu

Siri hupungua nguvu kadiri inavyokaa. Viongozi wa vyama vya wanafunzi hubadilika kila mwaka, na watumishi huhamia kwingine. Kila anayeondoka akiwa ameijua nywila, nywila hiyo haina budi kubadilishwa. Lakini badiliko lina hatari yake: nywila ikibadilishwa katika hifadhidata na kusahauliwa katika faili ya unakili, programu itabisha hodi kila usiku na kukataliwa, bila mtu kujua. Toleo la 8.0.14 la MySQL lililotoka mwaka wa 2019 lilileta uwezo wa mtumiaji mmoja kuwa na nywila mbili kwa muda, ya zamani na mpya, ili mabadiliko yafanyike bila kukatiza kazi.

Kimya hicho kina chanzo kingine kinachojificha zaidi. Skripti nyingi huipitisha nakala moja kwa moja katika programu ya kubana, kama gzip. Katika mpangilio wa kawaida, mfumo hupima mafanikio ya mnyororo wa amri kwa kuitazama amri ya mwisho pekee. Mysqldump ikikataliwa mlangoni, gzip hubana utupu kwa mafanikio na kuzaa faili ya baiti 20. Asubuhi msimamizi hukuta faili yenye jina sahihi na tarehe sahihi, isiyo na chochote ndani. Kuna agizo la pipefail linalofanya hitilafu ya amri yoyote katika mnyororo ihesabiwe, nalo linafaa kuwekwa mwanzoni mwa skripti ya namna hii. Ukubwa wa kila nakala nao ulinganishwe na ule wa jana.

Historia ina ushahidi wa gharama ya kimya. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab alifuta kwa bahati mbaya data ya hifadhidata kuu ya kampuni hiyo. Nakala za kila siku zilipotafutwa hazikuwako, kwa sababu unakili ulikuwa ukitumia toleo la PostgreSQL lisiloafikiana na lile la hifadhidata. Baruapepe za kutoa tahadhari zilikuwa zikitumwa, lakini zilikataliwa na seva ya upokeaji. Kampuni iliokolewa na nakala nyingine iliyokuwa imechukuliwa takribani saa sita kabla ya ajali. Chanzo cha hitilafu hiyo hakikuwa nywila, lakini funzo ni lilelile: nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu. Mara moja kwa muhula, nakala ifunguliwe katika tarakilishi nyingine na kusomwa.

Upande wa Sheria

Nchini Kenya, suala hili si la kiufundi pekee. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka wa 2010 humhakikishia kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 huitekeleza haki hiyo. Sheria hiyo humtaka anayehifadhi taarifa za watu achukue hatua za kuzilinda, ukiwemo usimbaji fiche, na pia awe na uwezo wa kuzirejesha kwa wakati panapotokea ajali. Taarifa zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya madhara kwa wahusika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa katika muda wa saa 72. Sheria basi inadai pande zote mbili za mfano wa idara ya Kiswahili: masimulizi yasipotee, na wasimulizi wasifichuliwe.

Hitimisho

Imebainika kwamba hakuna mahali pa kuificha kabisa nywila ambayo mashine inapaswa kuisoma peke yake. Pamoja na hayo, mengi yanawezekana. Nywila huweza kuondolewa pale ambapo mfumo wa uendeshaji unaweza kumthibitisha mtumiaji. Isipoondoleka, iwekwe katika faili yenye mmiliki mmoja na ruhusa finyu, nje ya skripti na nje ya ghala la msimbo. Mtumiaji wa unakili anyimwe madaraka asiyoyahitaji, nakala zifungwe kwa ufunguo ambao seva haina, na uwezo wa kuzifuta uwe mikononi mwa mwingine. Nywila ibadilishwe kila mwenye kuijua anapoondoka, na urejeshaji ujaribiwe kabla ya siku ya dhiki.

Hatua hizi hazihitaji fedha nyingi, kwa kuwa programu nyingi zilizotajwa hupatikana bila malipo. Zinahitaji mtu wa kuzifuatilia. Wanafunzi wa Kiswahili wanaoingia vijijini na vinasa sauti hupewa amana na wazee wanaowakaribisha, na amana hiyo haiishii katika kurekodi. Inaendelea usiku, katika chumba chenye giza ambamo seva inafanya kazi bila mtu, ikiwa na ufunguo mmoja ambao mtu fulani, siku fulani, aliamua pa kuuweka.